Diski ya Polepole

"Jedwali hili nalo lipeleke diski ya polepole," mkuu wa kitengo alisema, akigusa kioo cha kompyuta. "Na faharasa yake ifute. Inakula nafasi bure."

Fundi wa hifadhidata alisita. Jedwali lilikuwa la wodi ya watoto, la wagonjwa ambao faili zao zilishafungwa. Bila faharasa, mashine ingelazimika kupekua mstari kwa mstari kumtafuta mgonjwa mmoja.

"Kuna mtu analisoma, bosi. Kila asubuhi, mara moja."

"Mara moja nako ni kusomwa? Hiyo ni ripoti inajiendesha yenyewe, mwenyewe alishaisahau. Watu wana wagonjwa foleni nzima, wanalia mfumo unajikokota, wewe unanitunzia makabati ya faili za zamani!"

Fundi mwenyewe jedwali lile hakupenda hata kulitazama. Akaandika amri, akahamisha data, akafuta faharasa. Akili yake haikuwa pale. Jioni wazee wa pande zote mbili walikuwa wanakutana nyumbani kwa dada yake, alikohamia, na angewaambia basi, ndoa imemshinda.

Angewaeleza nini? Kwamba mumewe, karani wa mapokezi ghorofa ya chini ya hospitali hii hii, alimzika Kidoti, mtoto wao wa pekee, kwa macho makavu, na kesho yake akarudi kazini? Kwamba tangu siku hiyo hajalitamka jina la mtoto, na kila akilisikia hutafuta viatu vyake akatoka nje? Mawifi walisema wanaume ndivyo walivyo. Yeye alisema huyu hana moyo. Kulia peke yako, na mwenzako yupo chumba cha pili, kulimuuma kuliko msiba wenyewe.

Simu ya mezani ikalia. Mapokezi.

"Habari za asubuhi, Fundi." Siku hizi mumewe alimwita hivyo, utadhani walijuana kazini tu. "Kuna faili haifunguki huku. Mashine imeganda."

"Mgonjwa yuko hapo mbele yako?"

"Hayupo."

"Basi isubiri. Tumehamisha data, mashine bado inapekua."

"Itachukua muda?"

"Sijui. Kwani hiyo faili ina nini cha haraka hivyo? Watu wamejaa hapo, wewe unahangaika na mgonjwa ambaye hata hajafika!"

Alisikia watoto wakikohoa kwenye mabenchi ya mapokezi, na mtu akiuliza choo kiko wapi. Mumewe akasogeza mdomo karibu kabisa na simu.

"Ni ya Kidoti," alisema. "Huwa nafungua kila asubuhi, nisome pale tu nesi alipoandika kwamba leo amecheka."