Mshale wa Kulia

Tangu mlango wa gari ulipofungwa, Raya hakusema neno, maana bibi harusi wa mji ule hafungui kinywa mpaka afike kwa mumewe. Aliinamisha kichwa ndani ya shela. Ubavuni alikaa Bi Mize, somo yake aliyemfunda, na mjomba wake Sudi aliendesha polepole kama aliyebeba sinia la maji.

Kwenye njia panda palikuwa na taa mpya. Ilikuwa nyekundu, lakini chini yake ukawaka mshale wa kijani, ukielekea kulia, kwa bwana harusi.

"Sudi, si kijani hicho?"

"Na hiyo nyekundu je, Bi Mize? Siendi."

Honi zikalia nyuma yao. Mshale ukazimika. Ukawaka tena, ukazimika tena, na gari halikusogea.

Raya alijua. Udereva alijifunza kwenye taa zile zile: mshale ukiwaka, magari yanayokuja kutoka mbele yamezuiwa, njia ni yako. Lakini alinyamaza, na kila mshale ulipozimika alihisi amerudishiwa kitu cha kwao, harufu ya iliki jikoni, kikohozi cha baba uani. Ngoma za kwa mumewe zilisikika kwa mbali, laini, kama zinapigwa chini ya maji.

Mshale ukawaka tena. Mjomba akageuka, jasho likimtiririka.

"Mwanangu, taa hizi umezisomea wewe. Niambie, twende au tusiende?"

"Usimsemeshe!" akamaka Bi Mize.

Jioni ilikuwa imeingia. Mwanga wa kijani ulipenya shela, ukatua juu ya hina ya viganja vyake. Hata honi zilinyamaza. Raya akainua uso, akafungua midomo.