Kobe Akagua Visiki

Katika msitu wa wanyama wote, Tembo alikata miti na kujikagua mwenyewe. Sheria ilitaka mti ulioruhusiwa kukatwa ugongwe kwanza nyundo ya alama mara mbili, katikati ya shina na chini kabisa, ili gogo likiondoka, kisiki kibaki na ushahidi.

Hondohondo, mwenye makinda ndani ya mvule mkubwa, alisikia kwamba mvule huo ndio unaofuata. Akadai mkaguzi mwingine, na baraza likamteua Kobe.

Tembo alicheka mpaka masikio yakapepea. "Mzee Kobe, ukimaliza kukagua, miti itakuwa imeota tena!"

"Basi nitakuambia imeota mingapi, bwana mkubwa," alijibu Kobe, akashika njia.

Alitembea siku kumi. Magogo yote yalikuwa na alama, kwa kuwa Tembo aliyagonga baada ya kuyaangusha. Lakini Kobe hakufika kimo cha magogo. Alipita kisiki baada ya kisiki. Themanini havikuwa na alama.

"Nani huangalia huko chini?" Tembo alinung'unika barazani, na huenda kweli hakuwahi kuona kilicho chini ya magoti yake.

"Mimi," alisema Kobe. "Sina pengine pa kuangalia."

Baraza likaangua kicheko, kisha likachukua nyundo kwa Tembo na kumkabidhi mwingine. Mvule ukabaki umesimama. Mwezi huohuo makinda wa Hondohondo waliruka kwa mara ya kwanza, wakipiga kelele msitu mzima, na Tembo mwenyewe akainua mkonga kuwapungia.