Lori Linalokula Oili

Chuma cha jeki kilipotua kwenye mbavu mara ya tatu, dereva aliacha kulia akaanza kukoroma. Tajiri mwenye lori alikuwa amemsimamia, jasho linamtiririka, mkono uko juu tena.

"Oili yangu iko wapi? Lita moja kwa wiki nilivumilia. Mwezi huu zimekuwa mbili kwa wiki! Gari lina mdomo?"

"Lina mdomo, tajiri," fundi wa yadi alisema, akajipenyeza katikati yao. "Na kama ni kupiga, anza na mimi."

Hakuwa anatania. Fundi alimpenda dereva yule kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Ni yeye aliyejitolea kupita nyumbani kwa fundi kila siku kumletea chakula cha mchana, kingali cha moto, fundi asifanye kazi na njaa. Watu wa hivyo hawaokotwi barabarani. Na tajiri akishika chuma hana breki, leo angeua.

Fundi akapanda, akaliwasha lori lililolala limepoa. Moshi wa bluu ukabubujika, ukawakohoza wote, na baada ya dakika moja ukakatika wenyewe.

"Umeona? Bluu ni oili inayoungua. Zingekuwa ringi za pistoni, moshi usingekata." Akafungua kifuniko cha oili, akakilaza kichwa chini juu ya tundu lake. Kikatulia. "Na hiki kingerukaruka. Hizi ni sili za valvu, zimekauka. Gari likisimama likapoa, oili inachuruzika ndani polepole. Ukiliwasha, inaungua. Basi."

"Miaka yote linatoa moshi asubuhi. Mbona sasa linakula maradufu?"

Fundi alifikiri, kisha uso ukamng'aa. "Kwa sababu linawashwa likiwa baridi mara mbili kwa siku! Huyu analiegesha mahali masaa matatu manne, ndipo anaendelea na kazi. Ni mvivu, tajiri. Mwizi siye!"

"Nimeiba!" dereva alipiga kelele kutoka chini, damu inamtoka mdomoni. "Oili nimeuza mimi! Fundi, nyamaza, nakuomba. Tajiri, nipige!"

Tajiri alimpa alichoomba. Jino likaruka hadi kwenye tairi. Fundi akaushika mkono wa tajiri kwa mikono yake yote miwili, machozi yanamlenga kwa uchungu.

"Maumivu yanamsemesha! Hapo atakiri hata kuua! Muulize mlinzi, yeye anakuja zamu kwa miguu, lazima ameliona."

Mlinzi, mgeni wa wiki tatu pale kazini, alikuwa amejibanza ukutani.

"Kweli, bosi, linasimama. Naliona kila siku saa sita mchana, nyuma ya kiwanda cha mbao. Kwenye ile nyumba ya geti la kijani, lenye nyota mbili za chuma."

"Kwa nani pale?" tajiri aliuliza.

Mlinzi hakujua.

Fundi aliuachia mkono wa tajiri. Nyota zile alizichomelea mwenyewe, wiki ya harusi yake.

"Tajiri," alisema, akikichukua kile chuma taratibu, "hebu nipishe."