Shomoro-Panzi Hayupo

"Trekta linakuja," alisema Alden Tveit, akiwa amepiga magoti kwenye nyasi zenye umande, macho kayafumba.

Marlys Brekke hakusikia kitu. Baada ya kitambo, trekta la mdogo wake, Lyle, likachomoza kilimani likiburuta jembe.

Ndugu hao wawili walirithi pamoja nyasi hizi za Dakota ambazo hazijawahi kuguswa na jembe. Lyle alitaka kupanda soya. Marlys alitaka ng'ombe wake waendelee kula pale walipokula ng'ombe wa babu yake. Walikubaliana Alden, mhesabu ndege, apewe asubuhi tatu. Akimpata shomoro-panzi, ndege adimu wa mbugani, hata mmoja, ardhi itawekwa hifadhi na jembe halitaingia milele. Akimkosa, Lyle alime. Hii ilikuwa asubuhi ya tatu, na kikomo kilikuwa saa tatu.

"Niambie tena alivyo," Marlys alisihi. "Nami nitafute."

Alden akamwambia. Mdogo, kichwa bapa, mkia mfupi, kifua cha rangi ya mchanga kisicho na michirizi, tone la manjano mbele ya jicho. Lakini kumtafuta kwa macho ni kujichosha bure. Ukimkaribia haruki, hutimka chini ya nyasi kama panya, na kiota chake kimeezekwa hata ukikikanyaga hujui.

"Huyu ni wa masikio, mama. Dume hupanda kitu asubuhi akalia, kisauti chembamba kama cha panzi. Miaka arobaini nawahesabu hivi, macho nimefumba."

"Na panzi walivyojaa humu, utamjuaje?"

Alden alitabasamu kwa uchovu. Wasiozoea mbuga husikia panzi kila mahali. "Ukishamsikia mara moja, humsahau."

Akainuka, akaenda kituo cha pili cha kusikilizia, cha tatu, cha nane. Kila kituo dakika tano. Mwishoni alikuwa anakimbia, suruali imelowa hadi mapajani, midomo ikisali. Alimsikia fahali ng'ambo ya bonde. Aliusikia upepo. Kingine hakuna. Mwaka wa tisa huu hajampata hata mmoja. Mashamba kumi na manne ameyakagua, na yote ameyaandikia neno moja.

Aliporudi garini, Marlys alikuwa anazima jiko la gesi. "Mzee, birika limepiga mluzi mpaka limekauka. Na jana kengele ya mlango wa gari ililia hivyo hivyo, ukauacha mlango wazi. Upumzike kidogo."

"Samahani. Akili yangu iko kwenye nyasi."

Lyle alichungulia kutoka kwenye trekta. "Vipi mzee, ndege wako kaenda Meksiko kukwepa baridi, kapata mke huko, hataki kurudi?"

Saa tatu ikafika. Alden akatandaza fomu juu ya boneti, akaandika: hayupo. Akatia sahihi. Marlys aliipokea bila kuisoma, akageuka aifiche sura yake. Trekta likanguruma, jembe likashuka, likaanza kusogea kuelekea lango.

Ndipo Marlys alipomkamata Alden mkono, akamfinya mpaka ikauma.

Juu ya nguzo ya uzio, hatua nne tu, alisimama ndege mdogo. Kichwa bapa. Mkia mfupi. Tone la manjano.

"Ndiye?"

"Ndiye," Alden alisema.

Marlys aliichana fomu vipande viwili, akakimbia kusimama mbele ya trekta, mikono kaitanua, analia na kucheka. Lyle alimtazama dada yake, akaitazama nguzo, akatukana kidogo, kisha akazima injini.

Ndege hakuondoka. Alirudisha kichwa nyuma, akafumbua mdomo.

"Kumbe ni huyu," Marlys alinong'ona akirudi. "Siku zote tatu namwita panzi. Msikie anavyokazana, masikio yananiwasha."

Alden aliutazama mdomo ulio wazi na koo linalotetemeka. Alimsikia fahali, aliusikia upepo, kingine hakuna. Kimya kilichobaki alikifahamu vizuri. Ndicho alichokiandika "hayupo" katika mashamba kumi na manne, na yote sasa ni soya.