Sanduku Limejaa

Torunn alikuwa bado ameshika kijiko cha jamu alipoisoma taarifa ya seva. Ilikuwa imeingia asubuhi ile kwenye barua pepe ya marehemu mumewe, ambayo hakuwa na moyo wa kuifunga: "Ujumbe wako kwa Torunn umekwama. Sanduku lake la barua pepe limejaa. Tutajaribu tena."

"Matapeli hao, wifi," akasema dada wa marehemu, akimimina kahawa. "Siku hizi wanaiba hata anwani za wafu."

Torunn akamgeuzia kompyuta. Chini palikuwa na kichwa cha ujumbe wenyewe: "Kumeshapata joto, njoo."

Wifi akaacha kumimina. Kila Ijumaa ya kipupwe marehemu alitangulia kwenye kibanda chao cha mlimani kuwasha jiko, kisha akamwandikia mkewe maneno hayo hayo.

Torunn akafungua sanduku lake. Lilikuwa limejaa barua na picha za mumewe, za miaka yote. Akaanza kuzifuta. Jamu ikadondoka mezani, tone baada ya tone.

"We Torunn! Umerukwa na akili? Si ndizo ulizobaki nazo!"

"Nampisha."

Simu ya Torunn ikatoa mlio wa ujumbe mpya.

"Usiufungue," wifi akanong'ona.

Torunn hakuufungua. Alikuwa anatafuta viatu vyake vya theluji.