Kitanda Kielekee Wapi

Shekue alizungusha kitanda kwa mara ya tano, kwa heshima zote za mtu anayehamisha kiti cha enzi. Riziki, mkewe, alikuwa kwa mama yake mwezi mzima. Alisema hapati usingizi katika chumba chao kimoja cha ghorofa ya nne, na alasiri hii angekuja kukijaribu kwa mara ya mwisho.

Kijitabu cha fengi shui, elimu ya Wachina ya kupanga nyumba iwe na utulivu, kilikataza miguu ya mlalaji kuelekea mlangoni na kichwa kukaa chini ya dirisha. Mama mkwe naye alikataza miguu kuelekea kibla. Shekue alihesabu kuta, zikawa nne. Akahesabu makatazo, akachanganyikiwa. Hatimaye akapata upande usio na kosa, akasukuma. Kitanda kikakwama kati ya kabati na ukuta, kichwa chake kimeubana mlango.

"Hodi! We bwana, mbona mlango haufunguki?"

"Umebanwa na kitanda, mke wangu."

"Kitanda kinafanya nini mlangoni?"

"Kimeelekea kwenye heri."

"Heri gani hiyo, na mimi niko nje?"

Shekue akapekua kijitabu. Swali hilo halikuwamo.

Mlango ukasukumwa, ukaachia upenyo wa shubiri moja. Mkono wa Riziki ukaingia, ukapapasa, ukaukamata mto. Shekue akaushika upande wa pili. Mto ukanyooka kati yao, naye hakujua kama mkewe anauvuta aondoke nao, au anaushikilia apate kuingia.