Hondohondo na Wimbo wa Harusi

Siku Digidigi wa bondeni alipoolewa mlimani, Hondohondo, mwenye mdomo uliopinda kama saksafoni, alimtungia wimbo. Aliuweka mlio wa vyura wa bondeni juu ya mdundo wa nyenje wa mlimani.

Kasuku, msimamizi wa ngoma, alimkatiza katikati ya kuimba.

"Huo si wa bonde wala wa mlima. Toa vya watu, upige vyako. Ukishindwa, nenda zako."

"Sawa, mkubwa," Hondohondo akajibu bila kuudhika. "Ila nionyeshe kwanza jinsi vya watu vinavyotolewa, nisikie vyako."

Kasuku akapanga manyoya, akaimba.

"Hiyo ni sauti ya Kunguru," bibi harusi akasema.

Kasuku akabadilisha sauti.

"Na huyo ni mama yangu akikohoa."

Kasuku akafungua mdomo mara ya tatu, akautafuta mlio wake mwenyewe, asiupate, akafunga mdomo. Wageni wakaangua kicheko.

"Msimcheke," Hondohondo akasema. "Sauti zote za msitu huu anazo. Sogea hapa, Bwana Kasuku, nahitaji wa kuniitikia."

Kasuku akasita kidogo, kisha akasogea. Wimbo ulipoanza upya, watu wa bonde na wa mlima waliingia uwanjani pamoja.